Bega la Nyumba ya Masika

Wiki ya mwisho kabla sijarudisha funguo za stoo ya dawa, mmoja wenu aliniuliza swali kwenye maombi ya asubuhi. Aliuliza kuchukua msalaba ni nini kwa Mkristo wa leo, sisi ambao hakuna mtu anayetupigilia misumari. Nilikohoa, nikasema saa ya kuanza kazi imefika, wagonjwa wanangoja. Mlicheka. Mlifikiri nina haraka. Ukweli ni kwamba nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu, na lilikuwa na majina ya watu ndani yake.

Sasa nina muda. Sitaandika habari za vyeo wala za mishahara. Vyeo vilichelewa na mishahara mnaijua. Mambo ya Mangina wakati wa Ebola mliyaona pamoja nami, na ya Bulengera yako kwenye madaftari yenu wenyewe. Nitaandika juu ya kituo changu cha kwanza, milimani, mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka Butembo, miaka ya vita. Jina la kijiji nitaliacha, kwa sababu watoto wa wale nitakaowataja bado wanaishi pale.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa kijana mwenye diploma mpya na woga wa zamani. Nilisoma vizuri kwa sababu niliogopa kukosea, na nilikosea kwa sababu niliogopa. Kabla ya kuchoma sindano moja nilisoma jina la dawa mara tatu, jambo ambalo ni zuri, halafu usiku nilirudi stoo kusoma chupa tupu, jambo ambalo si zuri. Walimu wangu waliita tabia hiyo uangalifu. Mama Kavugho aliipa jina lingine kwa Kinande, na sikuomba anitafsirie.

Mama Kavugho alikuwa mzalishaji wa kituo. Hakuwa na karatasi yoyote ya shule, ila mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya kijiji. Siku niliyofika, viatu vyangu vya mjini vikiwa vimefunguka midomo kwa tope, alinitazama toka juu hadi chini, akasema, "Karibu, Muganga. Kwanza tukutafutie bote za mpira, diploma itangoja." Kwetu mwuguzi yeyote huitwa Muganga, hata kama ndevu hazijaota. Akanionyesha mali yote ya kituo: vitanda vinne, sufuria ya kuchemshia vyombo juu ya makala, yaani makaa, mizani ya watoto iliyopungukiwa gramu mia mbili na ambayo kila mtu alijua kuiongezea kichwani, na pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Pembe ile ilikuwa imelainika kama kijiko cha zamani. Nilijifunza kwayo kuliko kwa profesa yeyote. Unainamisha sikio, unaacha kupumua, na kwa dakika moja huwezi kuwaza jambo lingine. Kwangu mimi ilikuwa mapumziko.

Chombo kikubwa kuliko vyote hakikuwa ndani ya kituo. Kiliwekwa chini ya paa la kanisa, kimefungwa kamba kwenye boriti. Hicho ni kipoyi. Ninyi mna pikipiki na barabara, hata kama barabara yenyewe ni ya kuombea, kwa hiyo nieleze. Kipoyi ni kitanda cha mianzi kilichosukwa kati ya miti miwili mirefu. Wanaume wanne wanakiweka mabegani, wengine wanafuata kupokezana, na mgonjwa anabebwa hadi hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kila nyumba ilitoa bega moja, na kila bega lilikuwa na zamu. Nyumba iliyotoa bega ilibebwa, nyumba iliyokataa haikubebwa. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na sikuwahi kuona iliyoandikwa ikishikwa hivyo.

Mkuu wa kipoyi alikuwa Tata Kasereka, yaani Baba Kasereka, mkulima wa viazi, mwenye miaka hamsini na kitu, mume wa Masika. Hakujua kusoma wala kuandika. Zamu za nyumba zote alizishika kichwani, na hata nani alibeba upande wa kushoto mara ya mwisho, kwa sababu kuna watu ambao bega lao la kulia halina kazi. Yeye mwenyewe, kwa umri wake, alikuwa amesamehewa kubeba. Alitembea mbele na panga, akikata matawi na kutaja mashimo: "Shimo kushoto. Jiwe. Polepole pa maji."

Vita vilipofika kwetu, kipoyi kikaingia mashakani. Askari waliotawala upande ule walikuwa wakikamata wanaume njiani ili wawabebee masanduku ya risasi na mifuko ya chakula. Ukienda shambani ungerudi baada ya siku tatu, au baada ya mwezi, au usirudi. Wanaume wanne wenye nguvu wanaotembea pamoja barabarani ndicho kitu askari alichokitafuta. Basi watu wakaanza kukwepa zamu. Huyu ana homa, yule yuko kwa shemeji yake Luofu. Ugomvi ukaanza: kila mara ni sisi, wale wengine je.

Ndipo mimi nikaleta msaada wangu. Nilichukua kaye, daftari la shule, nikachora mistari kwa rula. Niliandika majina kumi na sita, makundi manne, A, B, C, D, kila kundi na chef wake, yaani mkubwa wake, na juu kabisa: "Chef mkuu, Kasereka." Nikaweka safu ya waliokuja na safu ya waliokosa, waliokosa kwa wino mwekundu. Nilifurahi nalo kuliko nilivyofurahia diploma. Nilimwonyesha Tata Kasereka. Alilishika kichwa chini miguu juu, akalitazama kwa heshima, akasema, "Iko muzuri. Yaani sasa nikifa, kipoyi itabakia." Mama Kavugho yeye alisema tu kwamba kipoyi kilibeba watu tangu babu zake bila kaye.

Niliwaza kila kitu juu ya daftari lile, hata rangi ya jalada. Jambo moja sikuliwaza. Hakuna ukurasa wowote nilipoandika neno kipoyi. Kwa nini niliandike? Kila mtu alijua.

Siku hizohizo mchungaji wetu alihubiri juu ya msalaba. Alisema vita hivi, njaa hii, na kubebeshwa na askari, ndio msalaba wetu, tuuvumilie bila kunung'unika. Kesho yake nilimkuta Tata Kasereka akibadilisha kamba za kipoyi pamoja na Mbusa, kijana mmoja mwenye mabega mapana na mdomo usiolala. Walikuwa bado kwenye mahubiri.

"Miye sikusikia vizuri," alisema Tata Kasereka. "Ule mutu mwenye alikuwa anatoka ku shamba, basoda bakamukamata abebe musalaba wa Bwana. Ule alikuwa anabeba musalaba wake, ao alikuwa mu corvée, kazi ya nguvu ya basoda?"

"Pasta anasema yote ni musalaba," Mbusa akajibu.

"Mais, kama kubebeshwa tu ni musalaba, basi tshukudu, ile baiskeli ya mbao, njo Mukristo mukubwa hapa Kivu. Inabeba makala toka asubui na hainung'unike."

Mbusa alicheka hadi akaachia kamba. Mzee hakucheka. Aliivuta ile kamba upya, akasema polepole, "Bwana alisema mutu auchukue. Hakusema batamutwika. Basoda banatutwika kila siku, na sioni kama tunakuwa batakatifu. Tunakuwa tu na mugongo mubaya."

Niliandika maneno hayo usiku ule, si kwa kuwa niliyaelewa, ila kwa kuwa nilikuwa naandika kila kitu.

Halafu ikaja siku ya Kahindo.

Kahindo alikuwa na watoto wanne nyumbani na wa tano tumboni. Mume wake alikwenda Beni kutafuta mafuta ya mawese, njia ikafungwa nyuma yake. Uchungu ulimwanza asubuhi ya jana yake. Kulipokucha, Mama Kavugho aliniita, akaweka mkono wangu juu ya tumbo. Mtoto alikuwa amelala kwa upana, kichwa upande mmoja, matako upande mwingine. Mtoto wa namna hiyo hatoki. Anahitaji kisu cha daktari, na daktari alikuwa Butembo.

Nilijua hivyo saa kumi na mbili. Nilipima tena saa moja. Nikasoma kitabu changu cha shule, nikapima tena saa mbili. Nilikuwa nawaza: nikimtuma na ikawa nimekosea, nitakuwa nimewatoa wanaume mbele ya askari bure. Nisipomtuma na ikawa nimepata, atakufa hapa. Moyo wa mtoto ulikuwa bado unasikika, mdogo, kama mtu anayetembea mbali.

"Muganga," alisema Mama Kavugho, "hii tumbo haitabadilika juu ya weye kuipima."

Nikaandika barua ya kumhamisha. Ngoma ya kanisa ikapigwa ule mdundo wa kipoyi. Kati ya majina yangu kumi na sita walikuja watatu, Mbusa akiwa mmojawao. Wengine kumi na watatu hawakuja, kwa sababu juma lililotangulia wanaume wawili wa mtaa wa chini walikuwa wamekamatwa kwenye daraja, na hakuna aliyewaona tena. Mmoja wa hao kumi na watatu, Tata Muhindo, nilimwona mwenyewe. Alisimama nyuma ya ukuta wa choo chake akingoja ngoma inyamaze. Nilifungua kaye, nikaweka alama nyekundu mbele ya majina kumi na matatu. Nikatia kaye ndani ya mfuko pamoja na seramu ya kutundika na kompresi za kufungia vidonda.

Watatu hawabebi kipoyi. Tulisimama tukitazamana. Tata Kasereka akachomeka panga lake kwenye ukingo wa paa la kanisa, akakunja jani la mgomba likawa kata, akaliweka begani na kushika mti wa nyuma kushoto.

"Weye ulishasamehewa," Mbusa alimwambia.

"Nilisamehewa na nani? Njo miye nilijisamehe," akajibu mzee. "Inua."

Mimi nilitembea nyuma na mfuko. Muganga habebi, ndiyo desturi, na sikuitafutia kasoro. Kila nusu saa tulishusha, nikainamisha sikio kwenye pembe. Kahindo hakulia. Aliuliza mara moja tu kama daraja liko mbali bado.

Daraja lilikuwa mwendo wa saa tatu. Kizuizi chao kilikuwa mti uliolazwa juu ya mapipa mawili. Askari sita walikuwepo, na mkubwa wao alikuwa na kiti. Barua yangu aliisoma, akamtazama Kahindo, akatikisa mkono tupite. Tulikuwa tumeinua mguu wa kwanza, nakumbuka hivyo, wakati askari mmoja alipofungua mfuko wangu ili aone kama kuna pombe ya kusafishia. Akatoa kaye.

"Chef," alisema, "tazama. Liste."

Mkubwa akafungua kurasa moja moja. Sasa nililiona kaye langu kwa macho yake. Majina ya wanaume. Makundi manne, kila kundi na chef. Chef mkuu juu. Zamu. Na hapakuwa, mahali popote, na neno lolote la kueleza ni kazi gani.

"Hawa ba rouge," aliuliza, kidole chake kwenye wino wangu mwekundu, "kumi na tatu. Biko wapi? Biko mu pori?"

Alama ile ilikuwa ya waliokosa, na kweli walikuwa wamejificha mashambani.

"Nani aliandika hii?"

Sasa, wapendwa, nisikilizeni kwa makini. Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa fupi: mimi, na ni zamu za kipoyi. Lakini kichwani mwangu njia zote zilifunguka kwa mara moja. Nikisema mimi, watanikamata, na Kahindo atakuwa na nani? Nikisema ni zamu za kipoyi, watauliza hawa wekundu kwa nini wanajificha. Nikisema kaye si langu, ni la nani? Nilikuwa bado napima, kama nilivyopima tumbo lile, wakati Tata Kasereka alipozungumza. Mti ulikuwa bado begani mwake.

"Liste ni yangu. Kasereka njo miye. Ni ba kipoyi tu, chef, bote ni balimaji."

"Na huyu wa mufuko?"

"Ule ni muganga. Anafwata mugonjwa, hajue kitu ya muji wetu. Alifika juzi tu."

"Na hawa batatu? Majina yao iko humu?"

"Hapana. Hawa nilibakamata ku njia babebe kwa nguvu. Sawa vile munafanyaka."

Askari mmoja alicheka. Mkubwa hakucheka, lakini alifunga kaye. "Muzee abakie," alisema. "Tutaona kama ni kipoyi. Ninyi wengine, pitisha mwanamuke."

Alidanganya mara mbili au tatu, kadiri unavyohesabu. Nimeuwaza uongo ule miaka mingi, nikatafuta kama ulikuwa dhambi, na siku moja nikaona kwamba ninautafuta ili nisitazame kingine. Nilisimama pale na mdomo wazi. Tata Kasereka aligeuka, akanipa mti. Hakunipa kwa ukali. Aliutoa begani mwake akauweka kwenye langu, pamoja na ile kata ya jani la mgomba, akaisogeza hadi ikakaa vizuri.

"Weye enda na mugonjwa," alinong'ona. "Miye sijuwe kushona mutu."

Tuliondoka. Sikugeuka nyuma. Ningependa kuandika kwamba niligeuka.

Kutoka daraja hadi hospitali ni mwendo wa saa mbili, na sasa hapakuwa na wa kutaja mashimo. Mti wa kipoyi hauumi pale unapofikiri. Unauma shingoni, halafu kiunoni, halafu unaacha kuwaza. Daktari alipasua saa tisa. Mtoto alitoka bila kulia, na hakulia. Kahindo aliishi. Daktari aliponawa mikono aliniuliza, "Mulijua saa ngapi kwamba amelala kwa upana?" Nikamjibu ukweli. Akaendelea kunawa.

Asubuhi yake niliamka nikijua la kufanya. Nirudi darajani, niseme: kaye ni langu, huu ni mwandiko wangu, nipeni kalamu mhakikishe. Ni jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu angelijua. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikaanza kuliwaza. Labda walishamwachilia. Labda nikirudi nitawakumbusha. Labda nimwombe mchungaji wa mjini aandike barua. Labda Kahindo ana homa, na kweli alikuwa na homa kidogo, nikapima mara mbili. Mbusa alikuwa ameketi karibu nami akichonga kijiti. Hakusema kitu, na kwa Mbusa hiyo ilikuwa hotuba.

Saa nne niliinuka. Mbusa akatupa kijiti chake. "Haya," akasema. "Miye nitapita mu pori nikungoje ku ngambo. Weye uko na blouse nyeupe ya hospitali, hawatakukamata."

Nilifika darajani saa sita. Wale askari hawakuwepo. Kulikuwa na askari wawili wapya, mmoja anakaanga mahindi. Nilisema maneno yangu yote, niliyokuwa nimeyapanga njia nzima: kwamba mwandiko ni wangu, kwamba mzee hajui hata herufi moja, kwamba nimekuja mwenyewe.

"Ule muzee wa liste?" askari alisema. "Alienda na bengine. Bamemupa sanduku abebe. Balitoka hapa saa ine."

Saa nne. Saa ile nilipoinuka kwenye benchi.

"Lakini ni mimi niliyeandika," nikasema.

Alinitazama bila ubaya wowote. "Sasa tufanye nini na iyo?" akauliza, akageuza mahindi yake. Kaye lilikuwa pale chini, karibu na moto. Kurasa nyingi zilikuwa zimechanwa kusokotea tumbaku.

Tata Kasereka hakurudi. Tulituma watu, mchungaji aliandika barua, kanisa likauliza kwa wakubwa wa upande ule na wa upande mwingine. Miezi miwili baadaye mwanaume mmoja aliyetoroka alisema alimwona mzee mwenye umbo lake akianguka na mzigo kwenye mteremko, mbali sana kaskazini. Hakujua jina.

Nilikwenda kwa Masika. Nilikuwa nimekwenda mara tatu kabla, nikaishia kumpima presha. Siku hiyo nilimwambia yote: kaye, wino, ukimya wangu, benchi. Alikuwa anachambua maharage. Alipomaliza ungo akasema, "Tulijua, Muganga. Hapa nani mwingine anaandika?"

"Nisamehe, Mama."

"Nimesikia," akajibu. "Rudia kazi." Wala hakuniambia amenisamehe, wala hakuniambia hakusamehe. Nilirudia kazi.

Kipoyi kilianza kutembea tena watu walipoona hawana njia nyingine. Zamu zilirudi vichwani. Ndipo, mwanzo wa mvua za mwaka uliofuata, Tata Muhindo akaletwa kituoni ameinama. Alikuwa na ngiri iliyokaza, tumbo gumu kama ngozi ya ngoma. Safari hii nilipima mara moja. Nikaandika barua ya Butembo, nikatuma ngoma ipigwe.

Wanaume walikuja wengi, wakasimama mbele ya kanisa, na hakuna aliyefungua kamba za kipoyi.

"Ule hapana," Mbusa alisema. "Siku ya Kahindo ilikuwa zamu ya nyumba yake, na haikutoa bega. Angetoa, muzee asingebeba. Sheria ni sheria."

"Kweli," wengine wakasema. "Akae na ngiri yake. Kila mutu na musalaba wake."

Mchungaji alijaribu kusema, wakamsikiliza kwa heshima, wakabaki walipo. Mimi sikufungua mdomo. Ni mtu gani ningekuwa, mimi, kuwaambia wabebe? Muhindo alikuwa kwenye mkeka mbele ya mlango, anasikia kila neno, na hakujitetea.

Masika alipanda kutoka bondeni akiwa na jembe. Ngoma ilimkuta shambani. Alisimama katikati yetu, akauliza ni nani mgonjwa. Akaambiwa. Nilimtazama mikono tu, kwa kuwa usoni sikuweza.

"Leo ni siku gani?" aliuliza.

"Ya ine," wakamjibu, maana ilikuwa Alhamisi.

"Ya ine ni zamu ya nyumba yangu."

"Mama Masika," Mbusa alisema taratibu, "nyumba yako haina tena mwanaume. Imesamehewa."

"Sikuomba munisamehe." Aliweka jembe chini. "Siku bwana yangu alipotea, pasta alikuja kuniambia ule ni musalaba wangu. Miye nikamujibu hapana. Ule nilitwikwa, sina namna. Bwana yangu Kasereka, yeye aliuchukua wake. Si kitu moja." Akamtazama Muhindo pale kwenye mkeka, na mtazamo wake haukuwa laini. "Huyu simupendi. Leo hivi simupendi. Lakini nyumba yangu itabeba. Haina bega. Nani ataipa bega?"

Mnanijua. Mnajua ninavyoweza kukaa na swali. Sijui hata sasa mguu wangu ulitoka vipi. Najua tu kwamba nilikuwa nimeshika mti wa nyuma kushoto, na Mama Kavugho alikuwa anachukua mfuko wa dawa kutoka mkononi mwangu na kuutundika mgongoni mwake, akisema diploma itatembea na wazee leo.

Mbusa alinitazama. Alimtazama Masika. Akatema mate pembeni, akaja akashika mti wa nyuma kulia. Wawili wakaja mbele. Tulipoinua, Muhindo alianza kulia na kujaribu kushuka, akisema tumwache, hastahili, tumwache pale.

"Lala," Mbusa akamwambia. "Ukitikisika unakuwa muzito."

Muhindo akalala. Njia ilikuwa na utelezi, na Masika alitangulia mbele yetu. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa amechomoa panga la mumewe kwenye ukingo wa paa la kanisa, na tangu mlima wa kwanza hadi lami ya Butembo nilisikia sauti yake, kavu, bila upendo na bila kukosea: "Shimo kushoto. Jiwe. Polepole pa maji."